Kabla ya Kugawa Nguo

"Mizani imeshachagua sauti," alisema Mama Hyera, shahidi mwenzake, akasogeza kiti chake karibu na cha Sekela. "Soma, halafu useme unaruhusu au unakataa. Usikae nayo sana, wenzako wameshasema."

Sekela Mwasomola alisoma. Kwenye skrini yake, chini ya jina la taasisi aliyopangiwa, palikuwa na maneno machache tu. Taasisi ya Kisima, sera za maji. Hila ya leo: sauti ya mtu anayeaminiwa kuliko wote. Mtu: Atuganile Mwasomola, mwasisi. Hali: marehemu.

Aliliangalia jina la dada yake kama mtu anayeangalia kibao cha mtaa asioujua. Kisha akalitambua.

Ukumbi ulikuwa umejaa mashahidi, kila mmoja na skrini yake, kila mmoja na taasisi yake. Hapo palipimwa taasisi zote za sera nchini, zile zinazolishauri Baraza juu ya shule, mazao, dawa na maji. Zamani zilishauri bila kupimwa. Mpaka ukaja Mwaka wa Uvujaji, wadukuzi walipoingia kwenye kompyuta za taasisi moja ya sera za afya na kubadilisha tarakimu moja tu katika utafiti wa dawa za watoto. Tarakimu ile ilifika Baraza, ikawa sheria, na hospitali zikaitii. Makaburi madogo yaliyochimbwa mwaka ule ndiyo yaliyoizaa Mizani.

Mizani ilikuwa mashine, na kazi yake ilikuwa kuzishambulia taasisi zote kwa wakati mmoja na kwa hila moja, kama mwizi angefanya, kisha kuzipanga bega kwa bega: ipi ilisimama, ipi iliyumba, ipi ilianguka. Iliyoanguka chini ya mstari wa kufaulu ilinyamaza mwaka mzima, haikuruhusiwa kusema neno Barazani. Lakini waliotunga sheria walikumbuka kwamba mashine haina haya. Ndiyo maana waliweka mashahidi. Shahidi mmoja akiikataa hila kwa sababu ya haya, hila hiyo iliondolewa kwa taasisi zote, ili pasiwe na aliyeonewa.

"Mama," alisema Sekela, "huyu ni dada yangu."

Mama Hyera alivua miwani. "Si tuliambiwa ndugu hawasimamii ndugu?"

"Ndugu wa damu. Mizani ilipotafuta ndugu yangu pale Kisima haikumkuta. Kwa hesabu zake dada ameshaondoka."

"Na bwana anayeongoza sasa?"

"Shemeji yangu. Shemeji hakuandikwa kwenye sheria."

"Hao waliotunga sheria hawakuwa na mashemeji?" Mama Hyera alitikisa kichwa, kisha akashusha sauti. "Kataa, mwanangu. Hakuna atakayekuuliza. Haki hiyo uliwekewa kwa siku kama hii."

Sekela alijua anaweza kukataa. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini alijua pia kilichomo ndani ya Kisima. Humo mlikuwa na majina ya wanawake wa kijiji cha Nhalanga, waliosema kwamba maji machafu ya mgodi yanaingia kwenye visima vyao na kuua watoto. Mwanamke wa kwanza kusema hadharani alichomewa nyumba. Waliomfuata walisema kwa siri, na siri yao ilikuwa mikononi mwa Yohana Chilewa, mume wa marehemu dada yake. Jumatatu, Baraza lingesikiliza shauri la visima hivyo, na Kisima ndiyo taasisi pekee iliyokuwa ikiwasemea. Mihadhara ya Atuganile ilikuwa imesambaa mtandaoni kote. Mwizi yeyote angeweza kuichukua sauti yake na kuivaa. Heri kujua leo kuliko kujuzwa na wezi.

Na Yohana hakuwa mjinga. Alimzika mkewe mwenyewe, akamwaga udongo wa kwanza kwa mkono wake. Sauti hiyo itamdanganyaje?

Alifumba macho. Bwana, aliomba moyoni, kama nakosea, nifunge mdomo.

Mdomo haukufungwa.

"Naruhusu," alisema.

Simu zikaanza kuita katika taasisi zote. Kwenye skrini ya jirani, sauti ya mzee aliyestaafu iliomba kufunguliwa kwenye taasisi ya bei za mazao, na msichana wa zamu akajibu: "Shikamoo mzee. Lakini wewe tulikuaga kwa keki. Njoo mwenyewe na kitambulisho, tutakunywesha na chai." Mashahidi walicheka. Taasisi ile ikapanda juu ya mstari papo hapo. Sekela naye alitabasamu. Aliona hata Kisima itapita hivyo hivyo.

Kufuli la Kisima halikuwa la chuma wala la nenosiri. Lilikuwa programu inayolinda data zote za taasisi, lilisikiliza simu zote za ofisi, na lilijua sauti za watu waliosajiliwa. Ili lifunguke lilihitaji sauti mbili, ya anayeomba kuingia na ya anayemkaribisha. Atuganile ndiye aliyetaka lijengwe hivyo. Alisema nyumba yenye adabu haiingiwi bila mtu wa ndani kusema karibu.

"Baba Tupo," ilisema sauti simuni, ikimwita Yohana kama mkewe alivyozoea. Ilikuwa ya Atuganile kabisa, na ule mkwaruzo wa mtu anayekaribia kukohoa. "Baba Tupo, mbona mmenifungia? Nimechoka. Nifungulieni niingie."

Sekela alisikia kiti kikisukumwa, kisha pumzi.

"Kata simu, shemeji," alinong'ona, ingawa Yohana hakuweza kumsikia. "Kata."

"Atu," alisema Yohana.

"Mimi hapa."

Yohana alikuwa analia. Hakuongea kama mtu aliyepokea simu. Aliongea kama watu wanavyoongea kaburini wanapokwenda kupalilia, wakijua hakuna atakayewajibu na wasijali. "Ingia, mke wangu. Ingia kwako. Nani akufungie, mama? Karibu. Karibu nyumbani."

Kufuli halikujua msiba ni nini. Lilisikia sauti inayoomba na sauti inayokaribisha, zote mbili zimesajiliwa. Likafunguka. Kwenye skrini ya Sekela, mwizi wa bandia wa Mizani alipita vyumba vya data kimoja baada ya kingine bila kuzuiwa, akafika kwenye hifadhi ya Nhalanga, akayagusa majina bila kuyasoma, kama alivyofundishwa, akatoka.

Jina la Kisima likashuka. Lilipita mstari na kuendelea kushuka, mpaka likawa la mwisho kabisa.

* * *

Sheria ilimtaka shahidi aende mwenyewe kusoma matokeo mbele ya taasisi. Alikuwa na muda mpaka saa kumi alasiri ya siku ya pili. Kabla ya hapo angeweza bado kuikataa hila, na matokeo yangefutwa kwa wote. Baada ya hapo, kilichopimwa kimepimwa.

Kisima ilikuwa nje kidogo ya Dodoma, kando ya mashamba ya zabibu. Upepo ulikuwa unasukuma vumbi jekundu chini ya mlango. Miaka yote Sekela alipofika pale Yohana alimpokea kwa utani. Alimwita mke mdogo, akamuuliza kama amekuja kudai mahari iliyobaki, na Atuganile alikuwa akipiga kelele kutoka ndani kwamba hakuna kilichobaki, labda Yohana arudishiwe ng'ombe wake. Leo Yohana alisimama mlangoni na kusema tu, "Karibu, shemeji." Macho yake yalikuwa yamevimba.

Mezani alikuwepo mwanamke mmoja wa makamo aliyejifunga kanga mbili na kuvaa viatu vya plastiki.

"Huyu ni Mama Nyemo wa Nhalanga," alisema Yohana. "Tunajiandaa na Jumatatu. Mama, huyu ndiye mdogo wake Atu."

"Eh! Nimekutambua hata kabla hajasema," alisema Mama Nyemo, akimshika Sekela mkono kwa mikono yote miwili. "Ulivyobisha hodi nilishtuka. Poleni sana na msiba, mwanangu."

Sekela aliuacha mkono wake pale pale. Kazini kwake hakuna aliyekuwa amemwambia neno hilo kwa wiki nyingi.

Alisoma matokeo akiwa amesimama. Alisoma yote, kwa sauti moja, asijipe nafasi ya kutua. Alipomaliza, Yohana alikuwa ameweka mikono juu ya meza kama mtoto anayesubiri fimbo.

"Nilijua ni mashine," alisema. "Usidhani sikujua. Mtu hasahau kama amezika. Nilijua, shemeji, lakini nilikuwa sijamsikia tangu... Basi nikamjibu. Nilikuwa namjibu yeye, sikuwa nalijibu kufuli."

"Kufuli lilisikia."

"Ungeikataa. Si mna hiyo haki?"

"Wezi hawatakataa."

"Wezi si wadogo zake!" Yohana alipiga meza, kisha akaona aibu na kuifutafuta kwa kiganja. "Samahani. Lakini wewe, Sekela? Uliisikia sauti yake ukaniachia mimi?"

Sekela alikaa. "Nilidhani jina lake lilishafutwa. Kila taasisi hufuta jina la aliyeondoka siku ile ile. Hata ile ya bei za mazao, mtu akistaafu, keki haijaisha ameshafutwa. Kwa nini ninyi mliliacha?"

Yohana alimwangalia kwa mshangao wa kweli. "Nguo zake hazijagawiwa."

"Shemeji..."

"Hazijagawiwa, Sekela. Ziko sandukuni vilevile. Ukoo wenu haujakaa, msiba haujamalizwa, jina lake halijapewa mtoto. Nimfute mimi nani? Mume anamfuta mkewe kabla wenye mtu wao hawajafika? Wafanyakazi waliniuliza, nikawaambia tusubiri wakubwa wakae. Wakasema kweli, tusubiri. Hakuna aliyeona ajabu. Tarehe tulipanga mara mbili. Mara zote mbili nani aliomba isogezwe?"

Wote wawili walijua. Alikuwa Sekela. Alisema msimu wa Mizani ukipita atakuwa na nafasi, atakuja na shangazi zake wote kutoka Rungwe, wakae kama inavyotakiwa. Aliyasema hayo kwenye simu akiwa anatembea, na Yohana alimjibu kwa upole kwamba hamna shida, marehemu hana haraka. Kumbe wakati huo wote mlango ulikuwa wazi, na aliyeushikilia ni yeye.

Mama Nyemo alikuwa akisikiliza huku anasokota ncha ya kanga. "Naomba niulize," alisema. "Huyo aliyepita jana. Aliona majina yetu?"

"Aliyagusa tu, mama. Hakuyasoma. Alikuwa wa kupima."

"Na angekuwa wa kweli?"

"Angeyasoma yote."

"Na ukisema hivyo huko kwenu, Kisima hawasemi Jumatatu."

"Hawasemi. Mpaka mwakani."

"Mwakani," alirudia Mama Nyemo. Alilisema kama mtu anayepima uzito wa mtungi kabla ya kujitwika. "Mwanangu Nyemo alikwenda kwa siku chache tu. Jumapili alicheza, Alhamisi tukamzika. Sasa mwaka mzima, kwa kisima kile kile."

Yohana alisogea mbele. "Unasikia, Sekela? Ikatae hila. Sema ulikuwa na haya, na kweli unayo, ninaiona usoni. Hakuna uongo hapo. Jina la Atu tutalifuta leo hii, mlango utafungwa, Jumatatu tutasema. Nani atakuwa ameumia?"

Lilikuwa jambo jepesi, na lilikuwa karibu kuwa kweli. Sekela alilitazama kila upande akitafuta pa kulishika. Lakini kama angeifuta hila, matokeo yote yangefutwa, na zile taasisi nyingine zilizofungua milango kwa sauti za mabosi wao zisingelazimishwa kurekebisha kitu. Zingeendelea kulala wazi. Mojawapo, aliiona jana, ilikuwa ya sera za dawa.

Alimgeukia Mama Nyemo. "Wewe unasemaje, mama?"

"Langu mimi naweza kulitoa," alisema Mama Nyemo. "Waje waichome nyumba, nimeshazika. Lakini wenzangu wana watoto wadogo. Jina la mwenzangu nalitoaje? Hapo usiniulize, mwanangu. Hapo mimi sina mdomo."

* * *

Ilipokaribia saa kumi Sekela alisema, "Tulifute kwanza."

Kufuli lilikuwa na utaratibu wake wa kumwondoa mtu. Wawili walitakiwa kusimama mbele yake na kusema: mmoja wa nyumbani kwake, mmoja wa kazini. Yohana alikuwa wa kazini. Wa nyumbani alikuwa Sekela. Walisimama pamoja mbele ya kipaza sauti kidogo kilichokuwa ukutani, karibu na picha ya Atuganile akicheka na mtu asiyeonekana.

Sekela aliinama kidogo. "Naleta taarifa ya kifo," alisema.

Taa ya kufuli ikageuka kijani.

"Atuganile yuko mlangoni," lilisema kufuli. "Anakaribishwa?"

Wangeweza kucheka, siku nyingine. Utotoni mama yao alikuwa akiwachanganya gizani, akiita huyu akiitikiwa na yule, na Yohana mwenyewe wakati wa uchumba aliwahi kumwambia Sekela kwenye simu maneno mazito ya mapenzi mpaka alipomsikia anacheka. Sauti ya Sekela ilikuwa ya dada yake. Haikuhitajika hata mashine kuiiga.

"Sema hapana, shemeji," alisema Sekela.

"Atuganile yuko mlangoni," lilirudia kufuli. "Anakaribishwa?"

Yohana alifungua mdomo. Alimtazama Sekela, akaitazama picha.

"Siwezi."

"Unaweza."

"Niseme mbele ya picha yake kwamba asiingie? Mimi? Kwenye nyumba aliyoijenga yeye?"

"Siyo yeye anayeomba," alisema Sekela, na machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyafuta. "Yeye haombi tena kuingia popote, Baba Tupo. Amepumzika. Anayeomba ni mimi, na baada yangu watakuja wengine. Sema."

Kumwita hivyo hakukuwa kusudi lake. Jina lile lilikuwa la Atuganile peke yake kulitumia. Lilimtoka kwa sauti ile ile, na Yohana akafumba macho kana kwamba amepigwa. Kisha, polepole, akasema kama mtu anayemjibu mgonjwa kitandani:

"Hapana. Hakaribishwi. Mke wangu amefariki."

Taa ikazimika. Sekela akataja jina lake mwenyewe lote, na la baba yake, na la babu yake, mpaka kufuli likatofautisha. Akasema alivyotakiwa kusema. Yohana naye akasema. Kufuli likawashukuru wote wawili kwa adabu ile ile liliyofundishwa na Atuganile, likasema jina limeondolewa.

Mama Nyemo alikuwa amekaa chini sakafuni, miguu amenyoosha, kama wanawake wanavyokaa msibani. Hakuna aliyemwambia akae hivyo.

Sekela alitoa kifaa chake cha kazi. Alifikiria hatasema kitu, aache muda ujipitie wenyewe, ili ionekane saa ndiyo iliyoamua. Kisha akaona huo nao ni woga.

"Mimi, shahidi wa Kisima," alisema, "sina haya ya kuikatalia hila hii. Matokeo ni ya kweli. Nayathibitisha."

Kwenye skrini, orodha ya taasisi zote ilijipanga na kutulia. Jina la Kisima lilibaki chini, na mbele ya shauri la Jumatatu, pale palipokuwa na jina lao kama wasemaji, pakawa patupu. Mahali patupu palikaa hivyo kidogo, kisha orodha ikajisogeza na kupaziba.

Yohana hakulia. Alikwenda mezani na kuanza kukusanya karatasi za Nhalanga moja moja, akizilinganisha kingo kwa uangalifu, ingawa hazikuwa na pa kupelekwa.

"Shangazi zako," alisema bila kugeuka. "Waambie waje. Wiki hii."

"Watakuja."

Mama Nyemo alisimama, akajipangusa kanga. "Wacha niondoke. Nikichelewa nitawakuta wameshakwenda kuchota. Nataka niwaambie wenyewe, kabla hawajasikia redioni."

"Nikupeleke, mama," alisema Sekela. "Gari liko nje."

"Hapana, mwanangu." Alimtazama kwa muda, na usoni mwake hapakuwa na hasira. Sekela angefurahi zaidi kama ingekuwepo. "Sijui kama umefanya vizuri au vibaya. Nikiomba usiku nitamuuliza Mungu. Wewe baki na shemeji yako."

Aliondoka. Walimsikia akisalimiana na mlinzi getini, akiulizwa vipi Jumatatu, kisha geti likafungwa.

Sekela alipiga magoti pale pale, mbele ya ukuta. Alizoea kuomba kwa maneno mengi. Mama yao aliwafundisha hivyo, kumwambia Mungu kila kitu kwa mpangilio, kuanzia shukrani. Alitaka kuombea visima. Alitaka kuombea majina yale, na watoto watakaokunywa kesho asubuhi. Alifungua mdomo aanze na shukrani, akakosa, akajaribu toba, akakosa. Neno moja tu ndilo lililokuwa tayari kutoka, na lilikuwa jina alilotoka kuliondoa.

Akalisema. Ukutani, kufuli lilisikia sauti ile, likakaa kimya.